Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi, Kuhusu Jino la Jaji wa Pili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naanza kwa kuomba radhi, halafu naomba radhi tena kwa kutanguliza radhi kabla ya salamu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Nimekaa na kalamu hii siku tatu nikitafuta namna ya kukuita. "Mheshimiwa" hapa Nairobi tumewaachia wabunge na wale wa wadi. "Mkubwa" tunamwambia askari wa kaunti ili asibebe jiko la mtu. "Bosi" hata kondakta wa matatu namba 46 ananiita mimi, nikiwa nimeshika noti ya hamsini. Nimerudi kwa Mheshimiwa. Likikupwaya nisamehe, sikujua kimo chako, maana kwa siku zote nne nilizokuwa katika studio yako nilikuona mara moja tu, ukiingia na gari la vioo vyeusi, na dereva wako akaniashiria nisogeze gunia langu la viazi. Nililisogeza. Natumaini uliwahi.

Mimi ndiye mpishi wa nne. Aproni yangu ilikuwa fupi kidogo, rangi ya maji ya kunde, na nilisimama upande wa kulia karibu na mlango wa choo. Kama bado hunikumbuki, ni mimi niliyempa Jaji wa Pili njahi ambazo hazikuwa zimeiva.

Pole sana kwa jino lake. Nimeambiwa ni lile la juu, upande wa kushoto, na kwamba lilikuwa limezibwa zamani, kwa hiyo kilichobanduka ni kazi ya daktari, jino lenyewe lipo. Hata hivyo pole. Nina miaka ishirini na miwili jikoni, kwanza katikati ya jiji na sasa Westlands, na sijawahi kumvunjia mteja kitu isipokuwa mfungo. Naomba unifikishie salamu zangu kwake, na kama ataona vyema, umwambie nilimtahadharisha.

Kwa ruhusa yako sasa nieleze ilivyokuwa.

Siku ya fainali tulisimamishwa nyuma ya meza nne, kila mmoja na jiko lake la gesi, taa zikituchoma utosini. Katikati palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa chekundu. Mtangazaji alisubiri muziki uishe, akasubiri tena kwa kuwa muziki ulikuwa umewekwa vibaya, kisha akavuta kitambaa. Njahi! Zimemwagwa kwenye ungo kama debe zima, nyeusi za kung'aa, kila moja na ule mstari wake mweupe ubavuni kama ukucha uliokatwa vizuri. Kamera ilizishukia taratibu kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Naelewa kabisa kwa nini ulizichagua, au kwa nini waliokuchagulia walizichagua. Zinapendeza kwenye picha. Tena zina heshima yake: kwa Wakikuyu mama aliyejifungua hupikiwa njahi arudishe nguvu, na ruracio, sherehe ya mahari, isiyo na njahi wageni wataizungumza njia nzima wakirudi kwao, na hawataisifu. Nilifurahi, Mheshimiwa. Nilijiambia leo runinga imekumbuka nyumbani. Furaha hiyo ilidumu kama sekunde sita, mpaka mtangazaji alipopaaza sauti: "Dakika sitini!"

Njahi kavu. Hazikuwa zimelowekwa hata kwa machozi.

Unisamehe nikueleze jambo ambalo bila shaka unalijua, ila huenda halijawahi kukutia aibu. Jiji letu limekaa karibu mita 1,800 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Yakishachemka yamechemka. Ukiongeza moto unaongeza mvuke na bili ya gesi, lakini joto la maji halipandi ng'o. Nilipokuwa kijana nilipika mwaka mmoja na nusu kwenye hoteli ya pwani, na niliporudi Nairobi maharagwe yaliniumbua mbele ya watu: niliyapa muda ule ule wa Mombasa, nayo yakafika mezani yanagongana sahanini kama shanga. Mkuu wetu wa jikoni, mzee mmoja wa Machakos, aliniambia niache kutazama saa. Chota punje tatu kwenye mwiko, akasema, zipulize. Ganda likijikunja na kufunguka, epua. Lisipofunguka, rudisha na utafute kazi nyingine ya kufanya.

Na njahi ni kaidi kuliko maharagwe. Hata zikilala ndani ya maji usiku kucha, bado zinataka saa mbili na ushee juu ya moto. Zisipolala, na zikiwa ni za msimu uliopita kama zile zako, ambazo nilipozishika ziliteleza vidoleni kama kokoto za mtoni, mimi nisingethubutu kumtajia mteja saa ya chakula.

Naomba nisidhaniwe kuwa naitukana saa moja. Saa hiyo ina ukoo wake. Mwaka 1993 runinga ya Fuji kule Tokyo ilianza kipindi cha Ryori no Tetsujin, ambacho dunia ilikuja kukijua kwa jina la Iron Chef, kikaenda hadi 1999. Mpishi mgeni anakuja kupambana na bingwa wa nyumba, kiungo kimoja cha siri kinafunuliwa, dakika sitini zinaanza kuhesabiwa. Mwigizaji Takeshi Kaga, aliyejifanya ndiye tajiri mwenye ukumbi, alionekana mwanzoni mwa kipindi akiuma pilipili hoho ya manjano, mbichi, huku akitabasamu. Namheshimu sana bwana huyo. Kibichi alikila mwenyewe, hakumpa jaji.

Mabingwa wake walikuwa watu wa kazi kwelikweli, Chen Kenichi kwa mapishi ya Kichina, Hiroyuki Sakai kwa ya Kifaransa. Karai la Kichina likishashika moto, chakula ni cha dakika tatu. Samaki wa Kijapani mara nyingine hata moto hahitaji. Isitoshe Tokyo iko ufukweni, na maji yake yanachemka yanavyotakiwa. Ile saa ilikuwa koti lililoshonwa kwa kipimo cha mwenyewe, na lilimkaa. Sisi tumelipokea mtumba, halafu tunaambiwa kasoro iko kwenye mabega yetu.

Nirudi kwenye meza. Mwenzangu wa kwanza, kijana hodari anayepika katika jengo moja refu la Westlands, alizisaga njahi mbichi akapata unga, akamvingirishia samaki na kumkaanga. Wa pili alizikaanga zenyewe kwa mafuta mengi mpaka zikapasuka, akazinyunyiza juu ya saladi. Wa tatu, dada ninayemheshimu mno kwa kisu chake, alipika minofu ya ng'ombe, akapanga njahi saba kuzunguka sahani kama askari wa lango. Siwalaumu, kila mmoja alitafuta mlango wa nyuma. Mimi nilizichemsha. Ndivyo njahi zinavyopikwa, na kichwani mwangu nilikuwa na mawazo ya kizamani kwamba katika shindano la wapishi mtu apike.

Najua utaniuliza kuhusu sufuria ya presha. Ni swali la busara. Ilikuwepo moja, nzuri, ya kung'aa, nikaikimbilia, nikakuta mpira wa kifuniko haupo. Nilimuuliza msaidizi wako. Aliniambia kwa upole sana kwamba ile ni ya kupamba rafu.

Dakika zikaisha. Nilizitia njahi kitunguu, dania na nazi kidogo kwa kumbukumbu ya pwani, na kile kidonge cha mchuzi cha mdhamini, ambacho sheria ilitaka kionekane kikifunguliwa kwa mkono wa kulia. Jaji wa Pili alinitazama kwa macho ya huruma akaniuliza, "Hadithi ya sahani hii ni ipi?"

Nilimjibu, "Hadithi yake ni kwamba haijaiva."

Wakacheka wote. Walidhani ni unyenyekevu. Akachota kijiko kizima, Mheshimiwa, nami nikanyoosha mkono kumzuia, na kwenye picha inaonekana kama nambariki. Halafu ikasikika *ka*. Fundi wako wa sauti ni mzuri sana, nyumbani kwangu Kawangware hata jirani alisikia.

Yote hayo ningeyameza kimya. Mpishi huzoea kuaibika, kwani chumvi ikizidi siku moja watu husahau sahani elfu zilizotangulia. Kilichonitia ujasiri wa kukuandikia ni kwamba niliiona saa yako ikisimama kwa macho yangu haya.

Ilisimama mara ya kwanza zikiwa zimebaki dakika arobaini na tatu, stima ilipopotea. Tuliamriwa tuzime majiko na tuinue mikono juu, tukasimama gizani kama watu walioporwa, mpaka jenereta ilipowaka. Ilisimama tena mtangazaji alipotoka jasho na kuhitaji poda. Mara ya tatu ni pale ilipogunduliwa kwamba pakiti za mdhamini zimegeuzia kamera mgongo, na tukarudia kuzifungua, safari hii tukitabasamu. Kila mara tarakimu nyekundu ziliganda ukutani, na kila mara sufuria yangu ilipoa. Kwa hiyo saa inasimama. Inasimama kwa taa, kwa poda na kwa karatasi. Ni njahi tu ambazo haikuzijali, na nikajiuliza, kwa heshima zote, zilikukosea nini.

Halafu ukaja wakati wa kuonja. Ulichukua saa tatu. Sahani zilipigwa picha kutoka juu, kutoka pembeni, zikizungushwa, zikisimama. Majaji waliingia wakatoka wakaingia upya kwa sababu mmoja alianza na mguu usiofaa. Walipofika kwa samaki wa mwenzangu alikuwa baridi kama barua ya benki, na Jaji wa Kwanza, mama mwenye adabu isiyo kifani, alifumba macho akasema joto la chakula hiki linamkumbusha kwao. Saa tatu, Mheshimiwa. Sufuria yangu ilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, na maji bado yamo. Niliomba niliwashe jiko, nikaahidi kutosogea. Niliambiwa moto unaharibu sauti.

Sasa hapa naomba uketi kama umesimama.

Majaji walipokwenda kupumzika, kijana wako wa kutumwatumwa alinijia kwa kunyata. "Mzee," akaninong'oneza, "njahi zilizoiva nitazipata wapi sahi hii? Wanataka za picha za karibu." Nikamwelekeza: toka langoni, vuka barabara, pita fundi wa viatu, kibanda cha mabati chenye turubai la kijani, uliza Shosho. Alirudi baada ya dakika tisa akiwa na bakuli la bati la rangi ya samawati lenye kovu ukingoni, limejaa. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Yule dada anayepamba sahani alizichagua njahi moja moja kwa kibanio cha nyusi, akazipaka mafuta kwa brashi ndogo ya rangi, akazipanga kwenye sahani zote nne. Hata yangu.

Kipindi kilipoonyeshwa Jumapili, dada yangu alinipigia simu kutoka Kikuyu kunipongeza. Njahi zako zinang'aa, akaniambia, mbona yule jaji anajifanya? Sikuwa na la kumjibu. Njahi zilizotazamwa na nchi nzima, za mshindi zikiwemo, zilipikwa na bibi wa miaka sitini na kitu aliyelipwa shilingi mia mbili na kijana aliyekuwa na haraka.

Sisemi huo ni udanganyifu. Neno hilo ni kubwa, nami ni mtu wa sufuria. Nasema tu kwamba fainali yako ilikuwa na washindani watano, na wa tano hakupewa aproni.

Wa kunijulisha kwa Shosho walikuwa wapiga kamera wako. Siku ya kwanza niliwaona saa saba mchana wakipita ile meza yenu ya vitafunio, vile vya kuchomwa vijiti, bila hata kugeuza shingo, wakavuka barabara. Nikawafuata. Kibandani pana benchi mbili na ndoo ya kunawia. Unaagiza kabla hujaketi. Chapati mbili na njahi, au wali na ndengu, au ugali na managu, na kabla hujamaliza kukausha mikono sahani imefika. Nilipima kwa saa yangu ya mkononi, mazoea mabaya ya kazi: watu kumi na wanane kwa dakika ishirini na tano, mikono miwili na msichana mmoja wa kuosha vyombo. Hakuna jiko la Westlands nililofanyia kazi linaloweza hivyo, na tuna mashine inayochapisha oda.

Nimeambiwa, na kama si kweli naomba radhi mapema, kwamba hata wewe hutumiwa sahani ya kwake siku za Jumatano, imefunikwa foili, na kwamba hupendi iwekwe dania.

Siku ya tatu nilimwuliza Shosho anaamka saa ngapi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa umri wake. Njahi analoweka jioni, baada ya kufunga, na asubuhi maji yale anayamwaga, hapikii. Saa kumi alfajiri moto umewaka, kuni kwanza, kisha makaa moto ukishatulia. Hapo anazisahau. Anasonga unga wa chapati, anachambua managu, anagombana na mtu wa maji. Chumvi hatii mpaka ganda lianze kulegea. Ikifika saa tano anapuliza punje tatu kwenye mwiko, na mimi niliposikia hilo nilimkumbuka yule mzee wa Machakos nikanyamaza kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachonisumbua. Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini kwenye hoteli ya River Road, zile za meza za bati na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Watu wa ofisi walimiminika saa saba, na ikifika saa nane unafagia. Saa moja tu, mbio, jasho, kelele za oda! Ukituwekea kamera ungepata kipindi kizuri sana. Lakini sisi tulikuwa tumeingia saa kumi usiku. Matumbo yalikuwa yamesafishwa na kuchemka mpaka yakakubali. Ile saa ya mbio ilikuwa na saa tisa nyuma yake, na wewe, Mheshimiwa, umenunua ile moja ukaacha tisa dukani.

Ukizitafuta hizo tisa utapata chakula chetu karibu chote. Githeri inataka asubuhi nzima, ndiyo maana huku Kawangware na Kangemi wako akina mama wanaoichemsha tayari na kuiuza kwa kikombe, ukifika nyumbani unakaanga kitunguu tu. Muthokoi wa Wakamba mahindi yake yakobolewe, kisha yachemke, kisha usubiri tena. Na mboga za kienyeji za watu wa magharibi, saga, managu, zinachemshwa leo, zinatiwa maziwa, zinalala, kesho zinapashwa na kuongezwa maziwa, na walaji wa kweli watakwambia za siku ya pili ndizo mboga, za siku ya kwanza ni majani. Utaziingiza vipi kwenye dakika sitini? Mrenda ukitiwa magadi unaweza kufika, nakubali. Sukuma inafika, na nyama ya kukaanga inafika. Kwa hiyo saa yako haijatufungia mlango kabisa, imeacha dirisha, na wembamba tumepenya.

Nakumbuka ule mwaka wa 2017, siku ya uchaguzi, bwana mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Nchi ikampenda, na kabla mwaka haujaisha akawa ametunukiwa nishani ya Rais. Mwezi huo huo wa Agosti mifuko yenyewe ikapigwa marufuku, lakini hilo ni jambo jingine. Ninachosema ni kwamba githeri imefika Ikulu kabla ya kufika fainali yako.

Kuna jambo dogo la jina, nalitaja haraka maana linaniuma kuliko linavyostahili. Wenzangu watatu kwenye kioo waliandikwa "Chef". Mimi niliandikwa "Mpishi". Nimeuliza nikaambiwa ni kwa sababu fomu yangu niliijaza kwa Kiswahili. Ni sawa. Lakini katika mji huu neno hilo lilitembea njia mbaya: zamani za walowezi mpishi alikuwa mtu wa nyuma ya nyumba, anayeamrishwa kwa Kisettla, na jina lake la pili halikujulikana. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa 1904, na tangu hapo mikono ya watu wetu imo kwenye moto wa hoteli za jiji hili. Chuo cha Utalii kilipoanza 1975 vijana wakaanza kutoka na vyeti, na shefu akazaliwa. Mpishi alibaki kibandani. Sikuombi unibadilishie jina. Ukiweza, waandike wote Mpishi, hasa yule wa jengo refu, tuone atatembeaje.

Sasa ombi lenyewe. Naliweka chini kabisa ya barua kama inavyofaa, mahali ambapo msomaji mwenye shughuli nyingi hafiki.

Naomba uanzishe saa jana yake.

Washindani waje jioni. Wapelekwe soko la Kangemi au Marikiti wachague njahi wenyewe, wazishike, waulize ni za msimu gani, wapunjwe kidogo kama sisi sote. Waziloweke mbele ya kamera, waende kulala. Saa kumi alfajiri warudi wawashe moto. Mchana wapakue, na chakula kionjwe hapo hapo kikiwa moto, kabla ya picha, na picha zijitafutie nafasi. Wa kuonja wakae benchi mbili, walipe kwa pesa zao, na anayerudi kesho yake ahesabiwe alama mbili.

Utasema runinga haiwezi kusubiri maji yachemke. Nimejaribu kuwa upande wako katika hili. Lakini Bocuse d'Or, lile shindano aliloanzisha Paul Bocuse kule Lyon mwaka 1987, ambalo wapishi wa mataifa hufanyia mazoezi kama wanariadha wetu wa Iten, huwapa washindani zaidi ya saa tano, na mashabiki hushangilia kwa ngoma na bendera kama uwanjani. Na huko Norwei, runinga ya taifa, NRK, mwaka 2009 ilionyesha safari ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2013 ikaonyesha kuni zikiungua usiku kucha. Kuni peke yake, Mheshimiwa. Hakukuwa na sufuria juu. Watu wakatazama, wengine wakalalamika jinsi gogo lilivyopangwa. Sisi kuni tunazo, sufuria tunayo, na juu ya hayo tuna Shosho, ambaye akianza kumweleza mtu wa maji makosa yake hutahitaji mtangazaji.

Hata hapa nyumbani kuna walioonyesha njia. Watu wa Mediae, wale wa Shamba Shape Up, walitengeneza Shamba Chef kikaonyeshwa Citizen, wakaingia jikoni za watu wa kawaida, wakazungumzia jiko, moshi na lishe. Hakikuwa shindano, na hakuna aliyevunjika jino.

Kuhusu gharama ya daktari, nimepokea barua ya wakili wako na nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri. Nitalipa kwa awamu kama mlivyopendekeza, kuanzia mwisho wa mwezi, na ninashukuru kwa kutonitoza riba.

Kuna moja limebaki, na si langu. Lile bakuli la samawati halikurudi. Shosho hakutaka niliandike, anasema si kitu, lakini ndilo alilokuwa akipimia, na tangu liondoke anapima kwa kikombe cha plastiki na wateja wananung'unika kwamba wamepunjwa. Nilirudia kukitazama kipindi nikaliona. Ni dakika ya thelathini na moja, kwenye rafu nyuma ya bega la Jaji wa Kwanza, kando ya ile sufuria ya presha. Kijana akivuka barabara Jumatano kuchukua sahani yako, anaweza kupita nalo.

Wako mtiifu sana,

Mpishi wa Nne
Kawangware